Mwovu au Maovu

Sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake ni fupi kiasi cha kwamba mtoto huimaliza kabla hajachoka kupiga magoti. Ndani yake yamo maombi ya mkate, ya msamaha na ya mapenzi ya Mungu, na watu wengi hudhani kwamba hayo ndiyo mazito. Lakini ombi la mwisho ndilo linalokiri kwamba mwombaji yumo vitani. Aombaye kuokolewa amekwisha kukubali kwamba kuna jambo au kuna nafsi yenye nguvu kuliko yeye. Ni jambo au ni nafsi? Hilo ni swali la sarufi kabla ya kuwa swali la dini, na kwa sababu hiyo natumaini msomaji wa jarida hili hataona ajabu kulikuta hapa.

Katika Kiyunani, lugha ya Injili, neno lililotumiwa mwishoni mwa ombi hilo lina sura moja kwa maana mbili. Laweza kumtaja mwenye uovu, laweza pia kuutaja uovu wenyewe, na msomaji hana alama ya kumwamulia. Kilatini kiliirithi shaka hiyo bila ya kuipunguza. Origen na Yohane Krisostomo, walioandika kwa Kiyunani, waliona nafsi. Augustino wa Afrika ya Kaskazini, aliyesali kwa Kilatini, alielekea kuona jambo; naye ndiye aliyefundisha kwa bidii kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Kwa hiyo Kanisa limeishi karne nyingi na maana zote mbili chini ya neno moja, kama ndugu wawili wasiopatana waliorithi nyumba isiyogawanyika.

Kiswahili hakina nyumba ya namna hiyo. Kwetu sisi -ovu ni sifa isiyo na miguu yake yenyewe. Haisimami mpaka ipewe kiambishi, na kiambishi hakitoki ila katika ngeli. Akiwa mtu, ni mwovu. Yakiwa mambo, ni maovu. Ikiwa ni hali, ni uovu. Mfasiri wa Kiswahili alipofika mwisho wa sala hakuweza kupita kimya. Ilimpasa kuchagua, na waliochagua hawakuchagua sawa. Waprotestanti wengi husali kwa maneno ya Biblia ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, na hapo wasomalo ni mwovu. Tena si mwovu tu, bali limetanguliwa na yule, neno linalonyosha kidole kwa mtu ambaye hayupo karibu lakini ajulikana. Wakatoliki wa Tanzania husema maovuni. Hao wamechukua mambo, wakayatia kiambishi cha mahali, yakawa shimo; na kitenzi chao ni kuopoa, kitenzi cha mtu anayetoa ndoo kisimani au maiti mtoni. Mprotestanti huomba aokolewe na adui. Mkatoliki huomba atolewe mahali.

Nililelewa Ifakara katika nyumba iliyokuwa na maneno hayo yote mawili. Baba alikuwa Mbena na Mlutheri, aliyeletwa bondeni na kazi ya reli ya TAZARA. Mama alikuwa Mpogoro wa Mahenge na Mkatoliki wa kizazi cha tatu. Kila jioni walisali pamoja kwa sauti, na sauti zao zilikwenda sambamba mpaka karibu na mwisho, hapo zikaachana. Kisha baba aliendelea peke yake na maneno ya ufalme na nguvu na utukufu, ambayo mama hakuwa nayo, na mama akamngoja kimya, kama mtu aliyefika mapema njia panda, mpaka wakakutana tena kwenye Amina. Sisi watoto tulijiunga na upande wa yule aliyekuwa hajatugombeza siku hiyo.

Jioni moja mama alisema kwa mzaha, "Baba Anna, huyo mwovu wako ukimtaja kila siku, mwishowe atadhani anaitwa." Baba akajibu, "Nawe, Mama Anna, hilo shimo lako halina aliyelichimba?" Walicheka, na mazungumzo yakaishia kwenye chakula. Nimesoma vitabu kadhaa vya elimu ya dini tangu siku zile, na sijaona mahali hoja hizo mbili zilipowekwa kwa ufupi zaidi. Aliyeufanya uovu kuwa nafsi ana hatari ya kuupa heshima isiyoustahili. Aliyeufanya kuwa jambo ana deni la kueleza kwa nini jambo lisilo na nia hufanya kazi kwa werevu mwingi kiasi hiki.

Wakristo hawakuikuta Afrika ya Mashariki ikiwa tupu katika habari hii. Pwani palikuwa na elimu kamili ya pepo, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliieleza katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903: jinsi mgonjwa anavyofukizwa, jinsi ngoma inavyopigwa, jinsi pepo anavyopanda kichwani na kuulizwa jina lake na haja yake. Mgonjwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia. Katika kupunga, aghalabu shauri si kumfukuza mgeni huyo bali kupatana naye: hutaka nguo ya rangi fulani, au chakula fulani, au ngoma kwa wakati wake, naye akipewa hutulia. Ni baraza la usuluhishi, na mganga ndiye mshenga. Wafasiri wa Biblia waliazima neno pepo kwa ajili ya roho wachafu wa Injili, lakini hawakuazima kupunga. Waliweka kukemea. Yesu hasuluhishi, hukemea, na pepo hutoka. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni tofauti ya dunia mbili. Katika dunia ya kwanza pepo ni jirani msumbufu. Katika ya pili ni mvamizi. (Nashangaa kila mara kwamba neno lile lile, likitiwa kiambishi cha mahali, huwa makao ya heri: peponi. Lakini hilo niwaachie wanaochunguza asili ya maneno.)

Mvamizi hudai vita, na vita hudai silaha. Waraka kwa Waefeso unazitaja moja moja: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Ni mavazi ya askari wa Kirumi, ambaye kila mtu wa wakati ule alikuwa amemwona akisimama langoni mwa mji. Wahubiri wa siku hizi hupenda sana orodha hiyo. Kuna jambo jingine mahali pale pale ambalo halipendwi kiasi hicho. Mwandishi wa waraka, kabla ya kugawa silaha, alieleza wazi kwamba mashindano haya hayana budi kuwa na adui asiye wa damu wala nyama. Tena neno lake la Kiyunani kwa mashindano ni neno la mieleka, mchezo ambao washindani hushikana miili mpaka mtazamaji haoni mkono huu ni wa nani. Mtu aliyepewa upanga akaambiwa asimpige mtu yeyote amepewa kazi ngumu kuliko askari wa kawaida.

Uamsho uliotoka Gahini katika Rwanda, katika miaka ya 1930, ulijaribu kuitimiza kazi hiyo kwa njia ya pekee. Uliingia Uganda, Kenya na Tanganyika, na walokole wake walijulikana kwa jambo moja: kusimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao wenyewe kwa majina. Huyu alitaja jembe aliloiba, yule alitaja chuki aliyoiweka kwa ndugu yake. Shetani walimwamini, bila shaka, lakini walimtafuta kifuani mwao kabla ya kumtafuta mahali pengine. Watu waliwacheka na kuwachukia, na wao nao mara nyingine walikuwa wakali kupita kiasi kwa wasiokiri kama wao. Hata hivyo huwezi kusema kwamba mafundisho yao yalimfanya bibi kizee yeyote alale kwa hofu ya jirani zake.

Baadaye mkazo ulihama. Kati ya mwaka 1972 na kifo chake mwaka 1975, Edmund John, Mwanglikana, ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alizunguka sehemu nyingi za Tanzania akiwaombea wagonjwa na wenye mapepo, na makundi makubwa yalimfuata. Mwaka 1973 Emmanuel Milingo, aliyekuwa Askofu Mkuu Mkatoliki wa Lusaka tangu mwaka 1969, alianza kuwaombea watu walioteswa na mashawe, roho ambazo Wazambia wenzake walizijua na ambazo mapadre wa kigeni walizipuuza kama maradhi ya neva. Aliitwa Roma mwaka 1982, akajiuzulu uaskofu wa Lusaka mwaka uliofuata. Mambo yaliyompata baadaye, ya ndoa mwaka 2001 na ya kutengwa na Kanisa mwaka 2006, yamewafanya wengi wasahau hoja yake ya kwanza, nayo ilikuwa hoja nzuri: kwamba mgonjwa akisema anateswa na nafsi, na padre akamjibu kwamba nafsi hiyo haipo, padre hajamponya wala hajamfariji, amemwacha peke yake na mtesi wake.

Leo lugha ya vita imejaa kila mtaa wa miji yetu. Kuna mikesha ya kufunguliwa, kuna vifungo na laana za ukoo, kuna maji ya upako na mafuta ya upako. Tarehe 1 Februari, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa mpira walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Waliokufa hawakuwa wajinga, kama ilivyosemwa na baadhi ya watu wenye maji safi na bima ya matibabu. Walikuwa watu waliochoka kungoja. Siwezi kuandika habari za imani hii kama mtu anayetazama mto kutoka ng'ambo, kwa maana imeingia katika ukoo wangu, na hapo ndipo nilipojifunza uzito wa kiambishi.

Mama mdogo wangu aliolewa Mahenge. Binti yake wa pili alianza kuanguka kifafa mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka tisa. Msomaji asiyekijua kifafa cha Ulanga na ajue kwamba ni maradhi ya siku nyingi huko na kwamba yamewahi kuandikwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, akawatibu watu kwa vidonge vya fenobabitoni. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao na kulala peke yao, kwa kuwa watu waliogopa mate ya mwenye kifafa. Mgonjwa aliyeangukia jikoni aliweza kuungua mbele ya ndugu zake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa kabla hajatulia. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha uhusiano baina ya wingi wa kifafa cha huko na usubi, ugonjwa uletwao na inzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi. Lakini hofu ya mate haikuondoka kwa vidonge. Mtoto wa mama mdogo alikuwa na sahani yake, na kikombe chake kiliwekwa nje ya kabati.

Mama mdogo alipoeleza hali ya mtoto alitumia ki-. "Kimemshika usiku," alisema. "Kimemwacha alfajiri." Kifafa ni cha ngeli ya KI-VI, ngeli ya viti na vikombe, hakina nia, na huwezi kukilaumu. Alimpeleka mtoto kliniki, akapewa vidonge, na kwa miaka miwili na zaidi kilimshika mara chache. Kisha, mwaka 2009, mhubiri mmoja alikuja akapiga turubai karibu na soko, na mama mdogo akaenda na mtoto. Mhubiri alimtazama mtoto akasema, "Amemshika." Kiambishi kilibadilika, na pamoja nacho yakabadilika mambo yote nyumbani mle.

Nilikuwapo siku ya tatu ya mikutano ile, nikiwa likizo kutoka chuoni, na nitaeleza nilichokiona bila ya kukipamba. Mtoto alianguka mbele ya madhabahu. Wanawake sita au saba walimkimbilia. Mmoja alimweka kichwa mapajani mwake. Mwingine alimfuta povu mdomoni kwa kanga yake mwenyewe, kisha akajifunga kanga ile ile tena. Wengine walimshika mikono na miguu wakimkemea pepo kwa sauti kubwa. Waliomkemea hawakumkemea mtoto. Walimwita kwa jina lake kwa upole, kisha wakageuka na kusema kwa ukali na yule mwingine waliyeamini yumo ndani yake. Katika miaka mitatu ya ugonjwa wake ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu asiye mama yake akimgusa wakati wa kuanguka. Kliniki ilimpa dawa. Dawa ilifanya kazi, nami naitetea. Lakini maneno "ana kifafa" yalimfanya mtoto na ugonjwa kuwa kitu kimoja, mwenye sahani yake; na maneno "ana pepo" yaliwatenganisha, na alipotenganishwa na adui yake watu waliweza kumkumbatia bila ya kumwogopa. Mtu anayeidharau imani hii hana budi kulijibu jambo hili, na sijasikia bado akilijibu.

Lau habari ingeishia hapo ningeiandika kwa furaha. Mhubiri alimwambia mama mdogo kwamba kuendelea na vidonge ni kumwambia Mungu kwamba hatoshi. Vidonge vikaachwa siku moja. Kila daktari wa maradhi haya ajua kwamba fenobabitoni haiachwi ghafula, maana ubongo uliozoea kizuizi huruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Wiki ya pili mtoto alianguka mara nyingi katika usiku mmoja, kuanguka kukafuatana na kuanguka bila ya yeye kuzinduka katikati. Baba yake alimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali, na mkewe alipanda nyuma akimshikilia. Alipona, lakini tangu usiku ule husahau maneno, naye alikuwa mtoto aliyejua mashairi.

Kuna kijana mmoja katika Injili ambaye nimemfikiri sana tangu wakati huo. Baba yake alimleta kwa wanafunzi wa Yesu, nao wakashindwa. Huanguka motoni na majini, hutoa povu, husaga meno. Katika Biblia yetu ya Kiswahili Mathayo asema kijana huyo ana kifafa, na Marko asema ana pepo bubu. Ni kijana yule yule, baba yule yule, siku ile ile. Kanisa halikufuta kitabu kimoja ili kukisitiri kingine. Liliwaacha waandishi wote wawili waseme, na ki- na a- zikalala katika jalada moja. Mhubiri wa turubai alisoma kwa Marko peke yake. Muuguzi wa kliniki, Mkristo mwema, husoma kwa Mathayo. Na katika masimulizi yote mawili Yesu hakumwuliza baba yule ni nani aliyempelekea mwanawe pepo. Katika Marko alimwuliza tangu lini.

Hilo la "nani" ndilo lililokuja kuiharibu nyumba ya mama mdogo kuliko hata vidonge. Ukisema "kimemshika", swali linalofuata ni la dawa au la asili ya ugonjwa. Ukisema "amemshika", ulimi wenyewe hukuvuta kuuliza: nani? Jibu la dini ni Shetani, na jibu hilo lingetosha. Lakini Shetani yuko mbali, na watu walioumia hutaka mtu wa karibu. Yule wa sala huanza kutafuta mwili wa kukaa. Mhubiri, aliporudi miezi michache baadaye na kuambiwa kwamba mtoto hajapona, hakusema kwamba maombi yake yameshindwa; alisema kuna mkono ndani ya ukoo unaofunga. Hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja, kwa maana ndani ya ukoo ule alikuwamo mjane mmoja tu, naye ni mama wa baba wa mtoto, aliyelala chumba cha uani na kutwanga mpunga wa nyumba nzima.

Nchi yetu imejua kwa muda mrefu mwisho wa njia hiyo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, ikakataza mtu kumwita mwenzake mchawi, na sheria hiyo imeendelea baada ya uhuru. Hata hivyo, katika Usukuma, wazee wa kike wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yao ni mekundu kwa sababu wamepika maisha yao yote katika moshi. Sisemi kwamba wahubiri wa ukombozi waliianzisha imani hiyo. Ni ya kale kuliko turubai zao. Nasema kwamba walipewa waraka unaokataza vita vya damu na nyama, wakasoma habari za upanga na kuruka habari za katazo.

Makanisa ya zamani yaliijua hatari hii na kuiwekea boma. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kilimwonya padre asiwe mwepesi wa kuamini kwamba mtu ana pepo, na kilimtaka azijue dalili zinazomtenga mwenye pepo na mgonjwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinadai ruhusa ya wazi ya askofu kwa kila padre atakayefanya kazi hiyo, na ibada iliyorekebishwa mwaka 1998 imeendelea na tahadhari hiyo. Boma hilo ni jema. Lakini lina mlango mwembamba. Wakati padre anapoandika barua kwa askofu, na askofu anapongoja jibu la daktari, mgonjwa wa Mahenge amekwisha kwenda chini ya turubai, kwa kuwa kule hakuna barua na wanawake sita wako tayari kumshika.

Nimeulizwa na wanafunzi wangu ni neno lipi kati ya mawili napenda kulisali. Swali lao ni la haki, kwa maana mwalimu hapaswi kujificha nyuma ya Kiyunani. Nasali kama baba, kwa yule mwovu, kwa sababu nimeona mambo ambayo siwezi kuyaita upungufu tu. Werevu uliomchukua mama mwenye upendo, ukatumia upendo wake kumnyima mtoto dawa, haukunielekea kuwa shimo lisilo na mchimbaji. Lakini ninapofikiri juu ya watu, juu ya jirani na mkwe na mjane wa uani, nafikiri kama mama: kwamba wote tumo maovuni, tumezama kiasi tofauti, na kazi yetu ni kuopoana. Najua kwamba hii si elimu ya dini iliyopangika. Mlutheri mmoja rafiki yangu ameniambia kwamba nimekula katika sahani mbili.

Yule binti sasa ni mtu mzima. Humeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na kila Alhamisi huenda katika kikundi cha maombi cha wale wanawake, ambao baadhi yao walikuwapo siku ile ya turubai na hawakumwacha hata baada ya mhubiri kwenda zake. Akianguka, humshika. Mmoja wao, aliye na simu yenye saa, amefundishwa na muuguzi kuhesabu dakika huku wengine wakiomba, na zikipita tano humwita mwenye pikipiki.

Bibi hakurudi katika chumba cha uani. Hakuna aliyemfukuza, alifunga mkeka wake mwaka ule ule akahamia bondeni, shambani kwa binti yake mdogo, akasema anapenda hewa ya kule. Nilimtembelea nilipokuwa nikianza kuiandika insha hii. Nilimsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta mchele. Jioni alisali kwa sauti, naye husali kama baba yangu alivyosali, kwa kuwa aliolewa katika Ulutheri. Alipomaliza nilimwuliza, "Bibi, unaposema yule mwovu, humfikiri nani?"

Alifikiri kidogo, akapuliza makapi pembeni mwa ungo.

"Si mimi," alisema. Kisha akaniuliza kama yule mtoto bado humeza dawa zake, na kama mama yake humkumbusha kumeza baada ya kula, kwa maana tumbo lake tangu utotoni ni dhaifu.